Safari ndefu ya ng'ambo: ni apareyi gani ya picha inafaa kununuliwa?

Kijana wa Bukavu ao Goma akipata burse ya kwenda kusoma Kanada, Uchina ao Ubelgiji, jamaa nzima inachanga pesa: viza, tikiti ya ndege, nguo za baridi. Apareyi ya picha mara nyingi inakuja mwisho wa orodha, na inanunuliwa haraka haraka. Hapo ndipo dola 500 zinaweza kutoka bure, kwa sababu mnunuzi amemwiga mpiga picha wa arusi aliye na apareyi kubwa shingoni.

Lakini kazi zao hazifanani. Mpiga picha wa arusi anafanya kazi saa chache, kisha anarudi nyumbani kuchaji. Anayekwenda miaka miwili atatembea na apareyi yake kwenye basi, chuoni na sokoni. Ikiwa inafika kilo moja na nusu pamoja na lenzi, kufikia mwezi wa pili itakuwa inalala kabatini. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni la uzito. Sony a6000, iliyotoka mwaka 2014, ina gramu 344 pamoja na batri na kadi. Nikon D3500 ya mwaka 2018 ina gramu 415. Hizo ni bila lenzi, na zote mbili leo zinatafutwa zaidi kama okazio.

Wauzaji wanapenda kutaja mamilioni ya pikseli. Apareyi hizo mbili zina milioni 24, na zinatosha kuchapa picha kubwa ya kuweka ukutani. Jambo la kuangalia ni ukubwa wa sensa, ile sehemu inayopokea mwanga. Ya kwao ina milimita 23.5 kwa 15.6 hivi, eneo la karibu mara tatu ya sensa ya inchi 1 inayowekwa katika apareyi nyingi nzuri za mfukoni. Tofauti inaonekana jioni, ndani ya nyumba ao kanisani. Yule atakayepiga picha za mchana tu na kuzituma kwa WhatsApp, simu nzuri inamtosha, na heri dola 500 zibaki mfukoni.

Katika batri, aina hizi mbili zinaachana sana. Kwa kipimo cha watengenezaji, D3500 inapiga picha 1,550 kabla ya kuzimika, lakini a6000 inapiga 360 hivi. Sababu ni kwamba D3500 ina kioo cha ndani, na mtu anaona kupitia kioo hicho bila kuwasha skrini. Ya pili inatumia umeme kila wakati inapoangaliwa. Faida yake ni kwamba inachajiwa kwa waya wa USB, hata kwa pawabanki safarini. D3500 inadai sharjeri yake. Ikisahauliwa hoteli, kazi imekwisha.

Na baridi inapunguza hesabu hizo zote. Mjini Montréal mwezi wa kwanza, batri iliyoonyesha nusu inaweza kuzimika ghafla barabarani, kisha ikiwaka tena ndani ya nyumba. Batri ya pili ikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Kurudi ndani kuna hatari yake pia: hewa ya joto inageuka matone juu ya lenzi baridi. Apareyi ibaki ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto polepole. Mtu wa Kivu anajua kulinda vitu na mvua, lakini maji yanayotokea ndani ya nyumba yanamshangaza.

Ndani ya ndege, batri za akiba za lithiamu zinasafiri pamoja na abiria, si katika mizigo ya chini. Kipimo bila kuomba ruhusa ya kampuni ya ndege ni wati-saa 100. Batri ndogo ya a6000 haifiki hata 10. Wanaopitia Kigali wasifunge apareyi kwa sachet ya plastiki: Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu mwaka 2008. Kitambaa kinatosha.

Kanada inatumia umeme wa volti 120. Sharjeri iliyoandikwa 100–240 inafanya kazi bila shida, ikipata tu kichwa kinachoingia ukutani.

Wengine wanangoja kununua huko huko. Ufaransa inarudisha TVA kwa wageni wanaokaa chini ya miezi sita, kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka mzima asiweke pesa hizo katika bajeti. Apareyi ya okazio iwashwe mbele ya muuzaji: kuna za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani ambazo hazina lugha nyingine ila Kijapani. Fakture yenye namba ya apareyi ihifadhiwe, maana siku ya kurudi duane inaweza kuuliza.

Apareyi ikiibiwa inanunuliwa nyingine. Picha za miaka miwili zikipotea hazirudi. Kadi mbili ao tatu za giga 64 ni bora kuliko moja kubwa, na kila moja inabeba zaidi ya picha 2,000 hata zikiwa za ubora wa juu. Nakala ziwekwe kwenye diski ya nje inayokaa chumbani, mbali na saki ya apareyi, kwani mwizi anabeba saki nzima. Na ikiwa rafiki anarudi Bukavu kwa likizo, diski nyingine ndogo ndani ya mizigo yake itafika kabla intaneti ya nyumbani haijapakua hata nusu.