Baiskeli yako ikigongwa na gari, usiyamalize barabarani

Alfajiri, kabla jua halijachomoza, barabara zinazoingia Tabora mjini hujaa baiskeli. Zipo za upande wa Urambo, zipo za upande wa Sikonge na za upande wa Nzega. Nyuma kwenye keria yamefungwa magunia ya mkaa, madumu ya asali, matenga ya kuku, viazi vitamu, na msimu ukifika, maembe. Mwenye baiskeli anawahi soko. Akishauza ananunua chumvi, sabuni na dawa ya mifugo, kisha anageuza kurudi kijijini kabla giza halijaingia.

Biashara ya kubeba mzigo kwa nguvu za mwili ni ya zamani mkoani hapa. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Tabora, na mpagazi wa Kinyamwezi alibeba begani karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Leo baiskeli moja hubeba mara tatu ya hapo. Tofauti kubwa ni kwamba mpagazi hakuwa na lori lililokuwa likimfuata nyuma kwa kasi.

Katika miaka ya 2010 na mwanzoni mwa miaka ya 2020, lami iliwekwa kwenye barabara kuu zinazokutana Tabora, ambazo kabla ya hapo zilikuwa za vumbi na makorongo. Mazao yanasafiri haraka na nauli si ya kubahatisha tena. Lakini mabasi, malori na pikipiki navyo vinakimbia, na mwenye baiskeli amebaki pembeni, mara nyingi bila njia yake, akisikia honi mgongoni.

Akigongwa, kinachofuata kinafahamika. Watu wanakusanyika, dereva anateremka akiwa na hofu, mzee mmoja anajitolea kuwa msuluhishi. Dereva anatoa shilingi elfu hamsini za pole na nyingine kidogo za kunyoosha rimu. Mgongwaji anasema anajisikia vizuri, maumivu kidogo tu kwenye goti. Wanapeana mikono, gari linaondoka. Baada ya siku tatu goti limevimba, hawezi kukanyaga, na hakuna aliyeandika namba ya gari.

Hapo ndipo haki nyingi za waendesha baiskeli zinapopotelea. Sheria ipo, na kwa sehemu kubwa iko upande wao. Inachohitaji ni ushahidi, na ushahidi wa ajali haudumu. Mwingi hukusanywa siku ileile au haupatikani tena.

Bima ndogo ni ya nani?

Wenye magari wengi huiona bima ndogo kama kodi tu, stika ya kumwonyesha askari wa usalama barabarani. Wanasema haina faida kwa sababu gari lao likiharibika hawalipwi. Ni kweli hawalipwi, maana bima hiyo haikuwekwa kwa ajili yao. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila anayetumia chombo cha moto barabarani kuwa na bima ya kumlinda mtu wa tatu. Wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni yule asiyehusika na mkataba wao lakini ameumizwa na gari hilo. Mkulima aliye juu ya baiskeli ndiye huyo wa tatu. Pikipiki za bodaboda nazo zinabanwa na sheria hiyohiyo.

Kinachokatiwa bima kwa lazima ni kifo na majeraha ya mwili. Baiskeli iliyopinda na asali iliyomwagika hutegemea mkataba wa gari husika unasemaje. Kama mali haimo, inadaiwa kwa dereva na mwenye gari.

Wajibu wa kampuni ya bima unafungwa pale mahakama inapotoa hukumu dhidi ya mteja wake. Kwa sababu hiyo, kesi hufunguliwa dhidi ya dereva aliyegonga na mmiliki wa gari aliyemwajiri, na kampuni hupewa taarifa ya maandishi kuhusu kesi. Sheria inataka taarifa hiyo ifike mapema, kwa hiyo ni busara kuipeleka hata kabla ya kufungua kesi. Hata hivyo, si kila dai hufika mahakamani. Barua ya madai yenye vielelezo kamili inaweza kuifanya kampuni ikae mezani na kulipa.

Kujua gari lina bima ya nani si kazi ngumu kama zamani. Kuna wakati Shirika la Bima la Taifa, NIC, lilikuwa peke yake sokoni, lakini tangu biashara hiyo ilipofunguliwa katika miaka ya 1990 kampuni ni nyingi. Siku hizi stika ni za kielektroniki, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa kuhakiki bima ya gari kwa kutumia namba yake ya usajili. Kwa hiyo kitu cha kwanza kinachotakiwa kutoka eneo la ajali ni namba ya gari. Mwenye simu apige picha ya gari, namba yake, alama za breki na baiskeli ilipoangukia, kabla vitu havijasogezwa. Asiye na simu aandike namba hata kwa kijiti mkononi. Namba isipojulikana, hakuna kampuni ya kudaiwa.

Polisi waitwe hata kama dereva ni mpole na anaomba msamaha. Majeruhi apate fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza kuonyesha alichoumia. Aliye hoi hukimbizwa hospitali kwanza, iwe Kitete mjini au Nkinga wilayani Igunga, na ndugu akaifuata fomu nyuma yake. Jambo la msingi ni kwamba ajali iingie kwenye kitabu cha polisi na mchoro wa eneo uchorwe. Majina na simu za mashahidi wawili watatu, hasa wasio ndugu wa majeruhi, yana thamani kuliko maneno mengi ya baadaye.

Faini haimponyi majeruhi

Dereva akifikishwa mahakamani kwa kuendesha bila uangalifu au kwa hatari, kesi ile ni ya Jamhuri. Majeruhi ni shahidi tu. Dereva akilipa faini, fedha zinakwenda serikalini. Wapo wanaokaa mahakamani siku nzima wakidhani wataitwa kuchukua fedha zao, kisha wanarudi nyumbani wakiamini kwamba dereva ameshika mkono wa mtu. Pengine hakuna aliyeshikwa mkono. Ndivyo kesi ya jinai ilivyo.

Njia ipo hata ndani ya kesi hiyo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inampa hakimu uwezo wa kumwamuru aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyeumia. Lakini hakimu hawezi kukisia. Majeruhi amwone mwendesha mashtaka mapema, amkabidhi nakala za risiti na taarifa ya daktari, na amwombe aifikishe hoja hiyo wakati wa adhabu. Isitoshe, dereva akitiwa hatiani na muda wa rufaa ukaisha, hukumu hiyo inatumika kama ushahidi katika kesi ya madai. Kuhudhuria na kutoa ushahidi vizuri kwenye kesi ya trafiki, basi, si kumfanyia Serikali kazi ya bure.

Kesi ya madai ni nyingine kabisa, na haina sababu ya kusubiri ile ya jinai iishe. Chini ya Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971, dai la madhara ya uzembe linatakiwa kufunguliwa ndani ya miaka mitatu, na hesabu inaanzia siku ya kuumia. Kuahidiwa na mwenye gari kwamba "njoo mwezi ujao" hakusimamishi saa. Kwa mtoto aliyegongwa akienda shule, hesabu huanza atakapofikisha umri wa mtu mzima.

Tumbaku haimsubiri aliyevunjika mguu

Sasa tumchukue mkulima wa tumbaku wa mfano, anayetoka Mabama, aliyevunjwa mguu mwezi Februari. Huo ni wakati majani yanachumwa na kupelekwa kwenye bani kukaushwa. Jani lililoiva halingoji mfupa uunge. Ama atalipa vibarua wamchumie na kuchochea moto wa bani usiku, ama atapoteza zao ambalo pembejeo zake amekopa kupitia chama cha msingi. Deni litabaki palepale.

Hasara hii yote inadaiwa, lakini mahakama inaigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni fidia mahususi: matibabu, nauli za kwenda kliniki, malipo ya vibarua, thamani ya baiskeli na mapato yaliyopotea. Mahakama ya Rufani ilisisitiza mwaka 1992 kwamba fidia ya namna hii lazima itajwe kwa kila kipengele na kuthibitishwa. Hapa mkulima ana nafasi nzuri kuliko anavyofikiri. Mauzo ya tumbaku hupitia AMCOS na benki, kwa hiyo kumbukumbu za misimu iliyopita zipo na zinaonyesha alikuwa akipata nini. Vibarua wasaini karatasi kila wanapolipwa, hata kwa dole gumba.

Mfanyabiashara mdogo ndiye mwenye taabu. Anauza kuku na michembe kwa fedha taslimu, hana risiti, na hesabu zote ziko kichwani. Daftari la shule lenye tarehe, alichonunua na alichouza lingemsaidia sana, mradi liwe liliandikwa kabla ya ajali. Na mwenye kubeba mkaa bila kibali ajue kwamba ni vigumu kuiomba mahakama imfidie kipato ambacho sheria haikitambui.

Fungu la pili ni fidia ya jumla, kwa ajili ya maumivu, ulemavu na maisha kubadilika. Hiyo haina risiti. Hakimu huipima kwa busara yake, akiongozwa zaidi na taarifa ya daktari inayoeleza ulemavu uliobaki. Kwa sababu hiyo si vizuri kukimbilia makubaliano wakati plasta haijatolewa. Kampuni ya bima inapolipa humtaka mlipwaji asaini hati ya kukiri kwamba amelipwa na hana dai tena. Ukishaisaini, goti likikataa kukunjika mwaka unaofuata, hilo ni lako. Ni hivyohivyo kwa karatasi za makubaliano zinazosainiwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Asiyejua kusoma asomewe na mtu anayemwamini, si na dereva.

Upande wa pili nao utasema. Watauliza baiskeli ilikuwa na taa? Ilikuwa na kiakisi mwanga nyuma? Mzigo ulikuwa mpana kiasi gani, na mwendeshaji alikuwa kushoto au katikati ya barabara? Maswali hayo yana uzito, lakini hayafuti dai. Sheria inaruhusu kosa ligawanywe. Kama hasara ni Sh milioni 10 na mahakama ikaona mwenye baiskeli amechangia kwa asilimia 30, atapata Sh milioni 7. Taa ya baiskeli ina bei ndogo mno ukilinganisha na hizo milioni tatu.

Aliyefariki huacha madai pia. Mke au mume, watoto na wazazi waliomtegemea wanaweza kudai chini ya Sura ya 310 ya sheria za nchi. Familia iteue msimamizi wa mirathi na kwenda mahakama ya mwanzo kumthibitisha mapema, maana bila yeye mambo mengi hukwama.

Gari likiwa na namba zinazoanza na STK, STL, SM au SU, njia inabadilika. Hilo ni la Serikali, halmashauri au shirika la umma. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, anayetaka kulishtaki hutoa notisi ya siku 90, humuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi hufunguliwa Mahakama Kuu, ambayo kwa bahati nzuri ina masjala Tabora. Kesi za magari mengine huanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi.

Asiye na fedha za wakili hana sababu ya kukata tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inaweza kumwelekeza mtu walipo. Ajihadhari na vishoka wanaojitokeza wodini wakiahidi kufuatilia bima kwa makubaliano ya kugawana nusu kwa nusu. Kampuni ya bima ikizungusha dai bila sababu, malalamiko hupelekwa TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Na ile baiskeli iliyopondwa isikimbizwe kwa fundi wala kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Rimu iliyopinda huonyesha gari lilitokea upande gani, jambo ambalo dereva anaweza kulikana mahakamani. Ifungiwe stoo mpaka kesi iishe.