Ukihama, bima yako haihami yenyewe

Mwisho wa mwezi umefika, pickup iko nje na kochi limekwama mlangoni. Je, kampuni yako ya bima inajua unaenda wapi?

Bima ya landilodi hulinda jengo. TV, friji na godoro ni juu yako. Na bima yako wewe mpangaji imeandikiwa nyumba fulani: ukitoka Umoja uhamie Rongai bila kuwaambia, wezi wakivunja huko Rongai, dai lako linaweza kukataliwa. Waandikie kabla ya siku ya kuhama. Bei inaweza kubadilika, maana wanaangalia grili za madirisha, kufuli na askari wa geti.

Na njiani je? Uliza waziwazi, bima nyingi za nyumbani hazilipi kioo kilichopasukia kwa pickup.

Tunakusihi pia: zile SMS za malipo ya friji na TV usizifute. Zinaonyesha tarehe na bei, na ukiibiwa utazihitaji pamoja na abstrakti ya polisi.

Ukilipia bima kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Likiwa la mtu binafsi badala ya kampuni, acha kwanza, uwapigie.