Chai ya barafu Nakuru: Majani tunayo, shida ni maji

Ingia hoteli yoyote ya kawaida karibu na steji ya Nakuru uagize chai baridi. Mhudumu wa kwanza atadhani unalalamika kwamba ile uliyoletewa imepoa, na atakimbia kukuletea nyingine moto. Wa pili ataona unamchezea tu. Na ukimtajia askari wa trafiki neno hilo hilo, hapo chai ina maana nyingine kabisa, isiyohitaji barafu wala kikombe.

Sisi watu wa Bonde la Ufa na vitu baridi hatujawahi kuelewana sana. Hata soda, mwenye kioski lazima akuulize: "Baridi ama moto?" Wengi hujibu moto, yaani ile iliyokaa kwa rafu. Tangu utotoni umeambiwa baridi inaleta kikohozi, na ukilala Molo au Mau Narok mwezi wa Julai utaelewa wazazi walikuwa wanaogopa nini. Chai kwetu ni maji, maziwa, majani na sukari vilivyochemshwa pamoja kwa sufuria mpaka vikapanda, halafu moja kwa moja kwa themosi. Ile isiyo na maziwa, strungi, ni ya wakati mfuko umekauka.

Ndiyo maana ploti yetu hapa Njoro ilicheka sana tulipopata mpangaji mpya, dada mmoja Mmarekani kutoka jimbo la Georgia aliyekuja kwa utafiti wa ngano. Chakula chetu alikipenda. Githeri alikula, mursik akajaribu, matatu akazizoea upesi kuliko wanafunzi wa kutoka Nairobi. Kilichomkosesha raha kikawa chai ya barafu. Mwezi wa Februari, vumbi la Njoro likiwa limepanda na jua likiwaka, alikuwa tayari kupanda gari hadi Nakuru mjini kuitafuta. Huko alipata chupa za plastiki kwenye friji ya supamaketi, zenye ladha ya pichi na sukari nyingi, na katika mkahawa mmoja wa watu wa laptopu akauziwa glasi ndogo kwa bei ya sahani mbili za pilau. Hakurudi.

Kwake hicho si kinywaji cha kifahari. Wamarekani wanakunywa chai nyingi, ila sehemu kubwa yake huinywa ikiwa na barafu, na majimbo ya kusini ndiyo yenye uraibu zaidi. Kitabu cha mapishi cha jimbo la Virginia cha mwaka 1879 tayari kilikuwa na maelezo ya kuitengeneza. Yalipofika maonyesho makubwa ya St. Louis mwaka 1904, kukiwa na joto kali na hakuna anayetaka chai moto, kinywaji hicho kikapata umaarufu nchi nzima. Huko kusini hukaa kwenye jagi kubwa ndani ya friji kama vile themosi inavyokaa juu ya meza yetu. Mgeni akiingia, anamiminiwa.

Muulize Mkenya yeyote aliyehamia Georgia au Alabama. Siku ya kwanza anaagiza chai hotelini, anapewa glasi kubwa imejaa barafu, tamu hadi meno yanauma, maziwa hakuna. Anafikiri wamekosea oda. Baada ya wiki mbili amejifunza kusema wazi kwamba anataka ya moto, na hapo analetewa kikombe cha maji ya uvuguvugu na pakiti ya majani kando, ajipikie mwenyewe. Walioenda Doha au Dubai wana nafuu, kwa sababu kule kuna karak, chai nzito ya maziwa na iliki ambayo haiko mbali na yetu. Kwa hivyo kilio cha jirani yangu tunakijua. Sisi hukililia kwa sababu nyingine tu.

Mwishowe akaamua kujitengenezea. Alinunua pakiti ya majani chai ya kawaida dukani, akachemsha vile tunavyochemsha sisi, akachuja, akatia jagi kwenye friji. Asubuhi jagi lilikuwa limejaa kitu kama maji ya mto Njoro baada ya mvua, kizito na chenye ukungu, rangi ya matope ya maziwa. Akamwaga yote. Akanunua majani ya kampuni nyingine, yakawa vile vile. Akaamini maji ya ploti ni machafu.

Hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu, kwa sababu maji ya ploti kweli yana shida, lakini shida hiyo haikuwa ndani ya ukungu ule.

Ukungu ni chai yenyewe. Majani yetu mengi hutengenezwa kwa mtindo wa kusagwa na kuviringishwa hadi yawe chembe ndogo ndogo, zile unazoziona kwa pakiti. Chembe hizo hutoa rangi na ukali haraka, ndiyo maana vijiko viwili vinatosha sufuria ya familia nzima na maziwa yasiimeze ladha. Sasa, kafeini na zile kemikali zinazoipa chai rangi yake nyekundu hukaa kwa amani maji yakiwa moto. Yakipoa, zinashikana na kuwa vipande vidogo visivyoyeyuka. Kadiri chai ilivyo kali, ndivyo ukungu unavyokuwa mzito. Hauna madhara yoyote. Pasha moto tena, unatoweka.

Kwa maneno mengine, chai ya Kenya inafanya ukungu kwa sababu ni kali, na ukali huo ndio unaonunuliwa Mombasa. Nchi hii huzalisha zaidi ya kilo milioni 500 kwa mwaka, na karibu yote huuzwa nje, Pakistan ikiwa mnunuzi mkubwa zaidi. Huko huchanganywa na chai nyingine kuzipa nguvu. Wamarekani nao, kwa jagi zao za barafu, hununua sana kutoka Argentina, ambako majani huvunwa kwa mashine na chai yake haina makuu: nyepesi, ya bei ya chini, na inabaki angavu ikipoa. Nilipojua hilo nilikaa kimya kidogo. Pale Kuresoi Kusini, ukipita Molo na Keringet hadi Olenguruone na Kiptagich, kuna vijana wa rika langu wanaochuma majani kwa mkono asubuhi na baridi yake, kilo nne hadi tano za majani mabichi kwa kila kilo moja ya chai kavu. Halafu bonasi inatangazwa, na kama kawaida wa upande wa magharibi wa Bonde la Ufa wanapata kidogo kuliko wenzao wa Mlima Kenya. Kinywaji kinachonywewa kila siku na mamilioni ya watu wa nchi tajiri, wao hawajawahi kukionja.

Turudi kwa maji. Bonde la Ufa ni eneo la volkano, na miamba yake imejaa floraidi. Visima vingi vya Nakuru, Njoro, Gilgil na Naivasha vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Ile kahawia unayoiona kwa meno ya watu wengi waliozaliwa hapa si uchafu wala uvivu wa kupiga mswaki. Ni maji waliyokunywa utotoni, meno yao ya ukubwani yalipokuwa bado yanajijenga ndani ya fizi. Ikizidi sana kwa miaka mingi hushika hata mifupa.

Na floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha utakayoitambua. Kuchemsha hakuiondoi; maji yanapopungua kwa mvuke, inabaki kwa wingi zaidi katika kile kilichosalia. Dawa ya klorini haiigusi. Juu ya hayo, mti wa chai wenyewe hufyonza floraidi kutoka udongoni na kuihifadhi kwenye majani, kwa hivyo kila kikombe huongeza kidogo. Kikombe kimoja cha asubuhi hakitakuua. Lakini chai ya barafu hainywewi kwa kikombe. Hunywewa kwa lita, siku nzima, na watoto huipenda kwa sababu ni tamu. Ukiitengeneza kwa maji ya kisima na kuwamiminia watoto wa miaka mitano kila siku ya joto, unawapa kitu ambacho hakuna daktari wa meno atakayekifuta.

Suluhisho lipo na ni la hapa hapa. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilijulikana kwa vichujio vinavyotumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa na kusagwa, ambayo hunasa floraidi maji yakipita. Rahisi zaidi ni mvua. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Acha mvua ya kwanza ioshe mabati, kisha kinga. Chemsha kabla ya kunywa, na kama unaishi Njoro au Molo, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hivyo yaache yatokote dakika tatu kamili.

Barafu nayo ni maji. Watu wengi husahau hilo, wanafikiri baridi imeua kila kitu. Kugandisha hakuui vijidudu vyote. Wengi hulala tu, wakisubiri kinywaji chako kiwaamshe. Ile barafu ya kuwekea samaki sokoni iache na samaki wake. Gandisha maji yako mwenyewe uliyoyachemsha, kwa kijisanduku chenye kifuniko. Stima ikipotea usiku na barafu ikayeyuka, usiigandishe tena na vidole vilivyochovya ndani.

Sasa mapishi, na haya ndiyo yaliyomtuliza jirani.

Njia ya kwanza ni ya moto. Chemsha lita moja ya maji, zima gesi, ndipo utie vijiko vitatu vidogo vya majani. Usichemshe majani! Najua mkono wako hautakubali, umelelewa kuchemsha. Funika dakika tatu au nne tu, chuja, tia sukari papo hapo maana kwenye baridi haiyeyuki, inakaa chini kama mchanga. Acha ipoe juu ya meza kabla ya kuingia friji. Ikipozwa ghafla ukungu hujitokeza zaidi. Ukungu ukija, mimina maji moto kidogo, utapungua. Kamulia limau mwishoni uone rangi ikigeuka kutoka kahawia hadi kama dhahabu.

Njia ya pili ni ya uvivu, na kwangu mimi ndiyo bora. Chukua maji yaliyochemshwa yakapoa, tia majani yale yale vijiko vitatu, funika, weka friji. Baada ya saa sita chuja kwa kitambaa safi, kwa sababu zile chembe hupita kwenye kichujio cha kawaida. Maji baridi hayatoi kafeini na ukali mwingi, kwa hivyo chai inatoka angavu, laini, bila ukungu. Jirani alipoiona hivyo alipiga picha kabla ya kuonja. Sukari kwa njia hii iyeyushe kando kwa maji moto kidogo.

Kuna ya tatu, kuanika jagi kwenye jua mpaka chai ijitoe yenyewe. Wamarekani wa zamani waliipenda na jua letu linakushawishi. Achana nayo. Jua hupasha maji kiasi cha kufurahisha vijidudu, si kuwaua, na wataalamu wa afya wa huko kwao wameionya kwa sababu hiyo.

Ukibahatika kupata chai ya zambarau, ile aina iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa Kericho, ijaribu kwa barafu kwanza kabla ya kuitia maziwa. Limau huifanya iwe na rangi ya waridi. Kwa maziwa sioni maana yake.

Je, kuna pesa hapa? Nimeulizwa na wasee watatu tayari. Molo sitajaribu, utakufa na jagi lako mkononi. Lakini teremka kutoka Nakuru takriban kilomita 100 kaskazini hadi Marigat, ambako joto hupita nyuzi 30 na gari zote za kwenda Baringo husimama. Watu pale wananunua soda baridi, hawaulizi moto. Mwenye friji, tangi la mvua na cheti cha afya cha mshika chakula anaweza kuuza kwa glasi. Kuweka kwa chupa na kupeleka madukani ni mchezo mwingine, utahitaji alama ya ubora ya KEBS, na hiyo haiji kwa kuomba kwa upole. Faida ya kwanza ni kwamba majani utayanunua kwa bei ya jirani. Hasara ni kwamba utatumia nusu ya siku ukieleza kwamba chai haijapoa kwa bahati mbaya.

Jirani yangu sasa ana jagi lake kwenye friji, na mama mwenye ploti hupitia kwake jioni kuonja "ile strungi ya barafu". Anasema ni nzuri, ila ingependeza ikipashwa moto. Chochote kitakachobaki hadi siku ya pili jioni, mwaga. Chai iliyochujwa haina dawa ya kuitunza, na ikianza kuteleza kama uji mwembamba, tayari imeharibika.