MSHIPA MKUBWA UMEFUNGUKA: JE, DAMU IMEFIKA?

Ndugu Katibu anayetunza daftari la malipo anajua jambo moja vizuri sana. Fedha za kahawa zikiingia katika akaunti ya chama cha msingi, hiyo haina maana kwamba mwanachama wa Nyakasimbi amekwisha kulipwa. Karatasi ya benki yaweza kuonyesha kwamba kila kitu ni sawa, kumbe mtu yuko nyumbani hana ada ya mtoto. Waganga wa moyo nao iliwabidi wajifunze jambo la namna hiyo, na ndilo tunalotaka kulieleza hapa.

Moyo ni msuli, nao hulishwa kwa damu kama msuli mwingine wowote. Mishipa mikubwa inayoulisha hupita juu yake, kisha hugawanyika na kugawanyika tena hadi kuwa myembamba kuliko unywele. Mshtuko wa moyo hutokea donge la damu linapoziba mshipa mmoja mkubwa, na msuli uliotegemea mshipa huo ukaanza kufa. Katika hospitali yenye vifaa, kama vile Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, daktari hupitisha mrija mwembamba kutoka mkononi au pajani hadi kwenye mishipa ya moyo, hupazibua palipoziba, na huacha hapo wavu mdogo wa chuma ili pasizibe tena. Picha ya eksirei huonyesha damu ikipita, na jamaa za mgonjwa humshukuru Mungu.

Lakini picha hiyo haionyeshi mishipa yenye upana wa chini ya nusu milimita hivi, na huko ndiko msuli unakolishwa hasa. Huenda vipande vya donge vimesukumwa hadi huko vikakwama. Huenda kuta za mishipa midogo zimevimba kwa kukosa damu muda mrefu, au msuli wenyewe umevimba ukaibana kwa nje. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au mazoea ya sigara huenda alikuwa na mishipa midogo iliyochoka tangu zamani. Hivyo barabara kuu imefunguliwa, ila vichochoro vimefungwa.

Kwa kuwa mishipa hiyo haionekani, hupimwa kwa kazi yake. Mwaka 2003 daktari William Fearon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza njia moja ambayo werevu wake uko katika wepesi wake. Waya mwembamba wenye kipima shinikizo na kipima joto karibu na ncha yake hupitishwa ndani ya mshipa mkubwa. Mgonjwa hupewa dawa iitwayo adenosini, ambayo huitanua mishipa midogo kadiri inavyoweza kutanuka. Kisha maji ya chumvi yasiyo na joto la mwili hudungwa kidogo kidogo, mara tatu, na chombo huhesabu muda ambao ubaridi ule huchukua kuifikia ncha ya waya. Mishipa midogo ikiwa wazi, maji hupita upesi. Ikiwa imeziba, hukawia.

Hesabu yenyewe hata karani wa mizani aweza kuifanya: shinikizo lililopimwa kwenye waya huzidishwa kwa muda huo wa sekunde. Shinikizo likiwa 80 na muda 0.25, jibu ni 20, nalo ni jema, maana kiwango cha kawaida ni chini ya 25. Muda ukiwa 0.6, jibu ni 48. Mwaka 2013 Fearon na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 253 waliofunguliwa mishipa baada ya mshtuko: wale waliozidi 40 walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa au kurudishwa hospitali kwa udhaifu wa moyo.

Tusidanganyane, hakuna bado dawa ya uhakika ya kuizibua mishipa midogo iliyokwisha kuziba. Kipimo humwonyesha daktari ni nani wa kufuatiliwa kwa karibu. Kinga iliyo kubwa ni kuwahi, kwa sababu mishipa hiyo huharibika kadiri saa zinavyopita, na kutoka Karagwe hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa hiyo mwanachama akibanwa na kifua katikati, maumivu yakaenda begani, mkononi au tayani, akatokwa na jasho jembamba au kuishiwa pumzi, asiambiwe kwamba ni vidonda vya tumbo akalale. Atafutiwe gari saa ile ile apelekwe hospitali, Nyakahanga au nyingine iliyo karibu, akapimwe umeme wa moyo.

Kipimo hicho cha umeme kina faida nyingine. Mgonjwa aliyepewa dawa ya kuyeyusha donge hupimwa tena baada ya dakika 60 hadi 90. Ikiwa ule mstari ulioinuka haujashuka angalau nusu, ama mshipa mkubwa bado umeziba, ama mishipa midogo haipitishi damu, na daktari atajua kwamba kazi haijaisha. Basi mgonjwa anaporuhusiwa aombe nakala za karatasi zote mbili, azihifadhi pasipo unyevu pamoja na kadi yake, na azichukue kila aendapo kliniki.