Nyoka pembeni ya mine: tujilinde mbele ya mvua

Mvua inakaribia. Huku kwetu Kolwezi, Likasi, Kambove na Kipushi, kila mutu anajua mambo yanayofuata: majani yanapanda, maji inajaa katika mashimo, na nyoka zinatoka kutafuta chakula na pahali pakavu. Juu ya mawe na mashini, watumikaji tunafundishwa. Juu ya nyoka tunabakia na maneno ya kusikia tu. Lakini Shirika la Afya la Dunia (OMS) linahesabu kati ya watu 81 000 na 138 000 wanaokufa na sumu ya nyoka kila mwaka. Wengi ni watu kama sisi: wachimbaji, walimaji, watoto wenye kutembea bila viatu.

Nyoka haitufuati sisi. Inafuata panya, na panya inafuata unga na takataka zetu. Pahali mine inafungua pori, malundo ya mawe yanabakia. Pembeni yake tunajenga, tunapanga matofali na kuni kwa ukuta. Kwa nyoka, hiyo ni nyumba tayari.

Tujue hizi tatu. Kipiri, nyoka nene na fupi, haikimbii. Inalala kimya katika njia, na mwenye kuikanyaga inamuluma. Nyoka yenye kutema mate inalenga macho. Mamba nyeusi, si ile ya maji, iko na mbio, na sumu yake inasimamisha pumzi.

Kwa nyumba, wamama na watoto, mukate majani, mutupe takataka mbali, mufunge unga katika ndoo. Kuni na matofali vikae mbali na mulango. Mulale juu ya kitanda, chandarua imeingizwa chini ya godoro. Usiku, kwenda choo ni na tochi na viatu.

Kwa kazi, mutu asiingize mukono katika tundu ao chini ya jiwe asiloona. Tugeuze jiwe na chuma kirefu. Bote tuzikunguteni mbele ya kuvaa. Tukiona nyoka, turudi nyuma pole pole na tuiachie njia: wengi wanalumwa wakati wa kutaka kuiua.

Na ikiluma? Mugonjwa atulie, asitembee. Mutoe pete, saa na viatu mbele ya kuvimba. Mufunge muti kando ya muguu ao mukono ili usitingizike, kisha mumubebe mbio kwa hospitali. Musifunge kamba ya kukaza, musichanje na wembe, musinyonye damu. Jiwe nyeusi, ile wengi wanaita «pierre noire», haitoi sumu katika damu. Inakula saa tu, na mutu anakufa njiani. Kama ni mate katika macho, musafishe na maji mingi safi, halafu muende kwa muganga.

Dawa inayoshinda sumu ni moja: sindano maalum ya kupinga sumu ya nyoka. Ni ya bei, na dispanseri nyingi hazina. Ndiyo sababu hatuwezi kungoja mutu alumwe ndipo tuanze kuitafuta. Kodi ya kazi ya 2002 inasema mwenye kampuni anapashwa kumutunza mutumikaji na jamaa yake wakati wa ugonjwa ao aksida.

Basi wandugu, kila delege wa sendika aulize juma hii, katika komite ya usalama: sindano iko wapi? Iko ngapi? Usiku, ni gari gani itabeba mugonjwa? Na bote na tochi ziko kwa watu wa kampuni ndogo pia, ao kwa wale wa kampuni kubwa tu? Jibu liandikwe kwa karatasi na libandikwe kwa mulango wa dispanseri. Wachimbaji wa mikono, ambao hawana komite, waulize kwa kooperative yao, na wakubaliane mapema pikipiki gani itakimbiza mugonjwa.

Nyoka itabakia katika pori; ni mwenyeji wa huko. Sisi tuweke taa, bote na sindano pahali pake mbele ya mvua ya kwanza.