Gesi ya Bahari ya Rovuma

Huenda mmesikia ya kuwa baharini, kusini ya mto Rovuma, kimetia nanga chombo ambacho si meli ya abiria wala si manowari, bali ni kiwanda kizima kinachoelea. Tumeona ni vyema tuwaeleze khabari yake, kwani Wamwani wa Palma na Mocímboa da Praia ni ndugu zetu kwa dini, na lugha yao haiko mbali na Kiswahili.

Chombo hicho chaitwa Coral Sul. Kiliundwa Korea ya Kusini, kikang'oa nanga huko Novemba 2021, na shehena yake ya kwanza ikatoka Msumbiji Novemba 2022. Urefu wake ni mita 432, kama viwanja vinne vya mpira vilivyofuatana, na upana mita 66. Watu hadi 350 waweza kulala ndani yake. Kina cha maji hapo ni mita 2,000 hivi, na chini kabisa mna visima sita vinavyotoa gesi.

Vijana watauliza, mbona isipitishwe kwa bomba? Wanunuzi wako ng'ambo, na bomba haliwafikii. Basi gesi husafishwa, kisha hupozwa hatta ikafika digrii 162 chini ya sifuri. Hapo hugeuka maji, na ujazo wake hupungua mara 600 hivi. Gesi iliyojaza chumba cha kulala chenye mita tatu kila upande, sasa yaenea katika ndoo mbili na kitu. Hupakiwa melini, na ikifika iendako hupashwa moto ikawa gesi tena. Kwa mwaka chombo hiki chaweza kutoa tani milioni 3.4. (Mama zetu wasidhani kuwa hii ndiyo iliyomo katika mitungi ya jikoni. Ile ni gesi nyengine, hugeuka maji kwa kushindiliwa tu, wala haitaki baridi kali kama hii.)

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Gesi yote ya Coral Sul imeuzwa kwa kampuni ya BP ya Uingereza kwa miaka 20. Katika ubia ule, kampuni ya serikali ya Msumbiji ina fungu la asilimia 10. Tusidhulumu: iko kodi pia, na sheria ya huko yaamuru asilimia 40 ya mapato ya gesi iwekwe akiba katika miaka 15 ya mwanzo, na asilimia 60 iingie katika matumizi ya serikali. Lakini watu wengi wa Cabo Delgado hupika kwa kuni mpaka leo.

Tena nchi ile imeonja vita tangu Oktoba 2017, na Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa. Waliofanya hayo walijinasibisha na Uislamu, nasi twasema wazi kuwa kumwaga damu ya wasio na hatia si jihadi. Kazi ya kiwanda cha nchi kavu, pale Afungi, ilisimamishwa mwaka ule, na kile cha baharini kikaendelea kuundwa hadi kikaja. Sisi twaona hapa pana jambo la kutazamwa sana: chombo kilicho mbali na fujo za pwani kiko mbali pia na vijana wa pwani wanaotafuta kazi.

Katika Hadithi zilizopokewa na Abu Daud na Tirmidhi imo khabari ya Abyadh bin Hammal, aliyemwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, machimbo ya chumvi ya Maarib, akapewa. Mtu mmoja akaeleza kuwa chumvi ile ni kama maji yasiyokatika, na Mtume akairejesha isiwe ya mtu mmoja. Mafakihi wakajenga juu yake hukumu za madini, na katika madhehebu ya Maliki madini huwa mikononi mwa Imamu kwa maslaha ya watu wote. Senegali na Mauritania, nchi za madhehebu hayo, zina chombo chao cha kuelea mpakani mwao baharini. Shehena yake ya kwanza ilitoka Aprili 2025, na katika mapatano sehemu ya gesi imetengwa kwa matumizi ya nchi zenyewe.

Hata kwetu Tanzania upo mfano. Gesi ya Songo Songo ilivumbuliwa mwaka 1974, na tangu 2004 yafika Dar es Salaam kwa bomba, yaendesha mitambo ya umeme na viwanda. Haikupozwa wala haikupakiwa melini, imetumika hapa hapa. Miaka 30 ya kungoja ni mingi, lakini taa zinawaka.

Msumbiji imekwisha kata shauri la chombo cha pili, Coral Norte, tangu Oktoba 2025, nacho chatazamiwa kuanza kazi 2028. Kitatia nanga jirani na cha kwanza, katika bahari ile ile wanayovua watu wa Palma.