Jangwani: Kipande kifupi kinachoitia hasara Kariakoo

MFANYABIASHARA wa jumla wa Kariakoo anahitaji mambo mawili kutoka kwenye barabara: wateja wafike na mzigo utoke. Barabara ya Morogoro humtimizia yote mawili, kwani ndiyo inayoiunganisha Kariakoo na Magomeni, Ubungo na mikoa ya bara. Lakini mvua kubwa zinaponyesha, shughuli hukwama sehemu moja, bonde la Jangwani.

Awamu ya kwanza ya mradi wa mabasi yaendayo haraka, yenye urefu wa kilomita 20.9, ilianza kujengwa mwaka 2012 na mabasi yakaanza kubeba abiria Mei 2016. Usanifu wake una mengi ya kusifiwa. Mabasi yana njia yake katikati ya barabara, nauli hulipwa kabla ya kupanda, na sakafu ya kituo iko usawa na ya basi. Tawi linaloanzia Fire hupita Mtaa wa Msimbazi hadi Gerezani, hivyo mteja hushuka jirani na maduka. Kwa mradi huo, Dar es Salaam lilikuwa jiji la kwanza Afrika kupata Tuzo ya Usafiri Endelevu, ile ya mwaka 2018.

Kasoro ni Jangwani. Mto Msimbazi hushuka kutoka milima ya Pugu, ukakusanya maji ya sehemu kubwa ya jiji kabla ya kuingia baharini Salender. Mchanga na takataka hujaza mkondo, na maji hupanda barabarani. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40, yalikwisha kutoa onyo. Pamoja na hayo, barabara ilibaki chini bondeni na karakana ya mabasi ikajengwa hapo hapo. Aprili 2018 maji yalijaa, mabasi yakaharibika na huduma ikasimamishwa.

Njia hiyo ikifungwa, gari la mzigo linalotoka Ubungo hulazimika kuzunguka Barabara ya Mandela hadi Buguruni, ndipo liingie Barabara ya Uhuru. Mafuta huongezeka, foleni hurefuka, na mwenye nyanya au mchicha huona bidhaa ikinyauka njiani. Mwenye duka naye hulipa pango lile lile, mteja aje asije.

Mradi wa Bonde la Msimbazi, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, umepanga daraja la juu Jangwani, kuchimba na kupanua mkondo wa mto, na kuhamisha karakana. Huo ndio mwelekeo sahihi, mradi mambo hayo matatu yaende pamoja. Daraja pekee litapitisha magari, lakini mto usiposafishwa mchanga utarudi.

Funzo kwa wasanifu wa awamu nyingine ni kwamba maji yapimwe kwanza, kisha magari. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa Jangwani umekwisha kuwagharimu wafanyabiashara vya kutosha.